Maswali Yenu: Mwanafunzi Mwenye Ulemavu Amefika Chuoni, Nani Afanye Nini?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watumishi wa vyuo vya hapa Mombasa: afisa wa kitengo cha ulemavu, mhadhiri, msimamizi wa mitihani na mlezi wa bweni. Mzazi mmoja wa Likoni ameandika, na wanafunzi watatu pia. Tumezifupisha, na tumeondoa majina ya watu na ya vyuo.

SWALI: Nimetolewa ofisi ya usajili nikapewa kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu. Aliyekuwapo amestaafu. Nilichokikuta ni daftari moja la majina na nambari za simu, basi. Wanafunzi wapya wanaripoti mwezi wa tisa. Nianzie wapi?
*Afisa, Tudor*

JIBU: Anza na daftari hilo hilo. Mpigie kila aliyemo kabla hajarudi chuoni na umuulize mambo matatu: ni nini kilimkwamisha muhula uliopita, nani alikuwa akimsaidia, na je, msaada huo uliandikwa popote? Jibu la swali la tatu ndilo litakalokuonyesha ukubwa wa kazi yako. Mara nyingi utasikia kwamba mhadhiri fulani alikuwa akimtumia notisi mapema kwa wema wake, au msimamizi fulani alimwachia dakika chache za nyongeza. Wema ni jambo zuri, lakini mwenye wema huenda likizo, huhamishwa, huugua, na siku hiyo mwanafunzi huachwa kwenye mataa. Uutoe msaada huo kichwani mwa mtu mmoja, uuweke kwenye karatasi yenye tarehe na jina la anayewajibika.

Karatasi yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Juu weka jina, nambari ya usajili, kozi na mwaka. Kisha andika mahitaji kwa maneno ya vitendo: "apewe slaidi katika Word siku 2 kabla ya kipindi", "akae safu ya mbele, asielekee dirisha", "aongezewe robo ya muda katika CAT (majaribio ya katikati ya muhula) na mitihani". Mbele ya kila jambo andika nani atalifanya, na mwisho tarehe ya kulipitia upya. Usiandike jina la ugonjwa. Mhadhiri wa uhasibu anahitaji kujua kwamba mwanafunzi huyu hutoka nje dakika kumi katikati ya kipindi. Kwa nini hutoka si shughuli yake. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Kwa hiyo ripoti ya daktari ikae kwenye kabati lenye ufunguo, wala isizungushwe katika kundi la WhatsApp la idara. Mwanafunzi aisome karatasi yake na kutia sahihi kabla haijatoka ofisini kwako.

Kikao cha kwanza na mwanafunzi kitengee saa nzima. Ukimuuliza "una shida gani?" atakujibu kwa neno moja. Mwombe akusimulie siku yake, tangu anapoamka hadi anapolala. Mwenye ulemavu wa ngozi, kwa mfano, huenda akakwambia kwamba kutoona ubao ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni kukata uwanja saa saba mchana, jua la utosi, kutoka jengo moja kwenda jingine. Basi kitu cha kwanza kuguswa ni ratiba yake, ili vipindi viwili vinavyofuatana viwe katika jengo moja. Halafu ndiyo yaje mafuta ya kujikinga na jua ya SPF 30 kwenda juu, na maandishi ya ukubwa wa nukta 18 au zaidi.

Usingoje waje wenyewe. Wengi huliruka lile swali la ulemavu katika fomu ya kujiunga kwa hofu ya kunyimwa nafasi. Liulize tena baada ya usajili kukamilika, kwa namna isiyotisha: "Kuna jambo lolote ungependa tulipange ili usome na kufanya mtihani bila kizuizi?" Uliza mara nyingine wiki ya sita hivi, CAT za kwanza zikisharudishwa. Hapo ndipo huonekana wale ambao hakuna aliyewajua, hata wao wenyewe hawakujijua: mwenye disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika) anayeeleza vizuri kwa mdomo lakini karatasi yake haisomeki, au asiyesikia sikio moja ambaye miaka yote ameitwa mzembe.

SWALI: Asalaam aleikum. Binti yangu anatumia kiti cha magurudumu na amepata nafasi ya kusomea biashara. Nilipouliza habari ya madarasa ya ghorofani nikajibiwa, "Aje kwanza, tutaona." Naogopa asije akafika akaambiwa arudi nyumbani. Ana haki gani, na sisi tufanye nini?
*Mama mzazi, Likoni*

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Hakuna mwenye ruhusa ya kumrudisha nyumbani kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003 ilikataza chuo kumnyima mtu nafasi kwa sababu hiyo, na Sheria ya 2025 iliyoshika mahali pake haikuifuta kinga hiyo. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa haki ya kusoma, ya kufika mahali pa umma na ya kupata vifaa vya kumwezesha. Lakini haki peke yake haipandishi kiti ngazi, kwa hiyo msizipoteze wiki hizi zilizobaki.

Andika barua, usipige simu tu. Iende kwa ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi, nakala kwa mkuu wa idara yake, na muhuri wa kupokelewa ubaki kwenye nakala yako. Omba vipindi vyake vyote viwe orofa ya chini. Chuo hakihitaji kujenga lifti ili kumfundisha. Kinahitaji kubadilisha vyumba, na hilo ni jambo la dakika chache kabla ratiba haijachapishwa. Ikishachapishwa, kila mhadhiri atakuwa ameshakizoea chumba chake na mtaanza kuvutana.

Omba pia mtumishi mmoja awatembeze siku moja, binti akiwa kwenye kiti chake na nyinyi mna futi ya kupimia. Mlango ukiwa umefunguliwa, upana wazi usipungue sentimita 80. Chooni kuwe na nafasi ya kugeuza kiti, yaani duara la sentimita 150. Mteremko wa zege uwe na urefu wa mara 12 ya kimo chake: ngazi tatu za sentimita 15 kila moja ni kimo cha sentimita 45, basi mteremko wake unahitaji mita 5.4. Mafundi wengi humwaga zege la mita 2 mbele ya ngazi kama hizo wakaona wamemaliza kazi. Huo ni mwinuko wa karibu 1 kwa 4, na mtu akijaribu kuupanda peke yake kiti humpindukia kinyumenyume. Tazameni na uso wa sakafu. Terazo iliyosuguliwa huteleza vibaya wakati wa masika.

Msikubali kuondoka kabla hamjakiona choo chenyewe na kuingia ndani yake na kiti. Choo kisipoingilika, mwanafunzi huacha kunywa maji tangu asubuhi ili asihitaji kwenda. Kwa joto la Mombasa, hiyo ni njia ya moja kwa moja ya kupata maambukizi ya mkojo na kuumwa kichwa darasani, na watu watadhani ni uvivu.

Kuhusu kivuko, kwa kuwa mnatoka Likoni: maji yakikupwa, mteremko wa kuingilia huwa mkali zaidi kuliko yakijaa. Wakati wa kushuka, kiti kigeuzwe kiteremke kinyumenyume, msaidizi akiwa upande wa chini. Wakati wa kupanda, kielekee mbele na msaidizi asukume kutoka nyuma. Waombeni askari wa kivuko awaingize kabla ya umati. Hata hivyo, ushauri wetu ni mwombe chumba cha bweni orofa ya chini. Kuvuka mara mbili kila siku kutamla nguvu anazozihitaji kusomea.

Hewa ya chumvi nayo hula beringi na spoki. Kiti kifutwe kwa kitambaa kikavu kila jioni, kitiwe grisi kila mwezi, na kwenye begi asikose viraka na pampu. Kwa kiti kinacholingana na mwili wake, ulizeni tawi la Mombasa la APDK, chama kinachohudumia wenye ulemavu wa viungo tangu 1958. Na kama bado hana kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, anzeni leo. Hupimwa kwanza na jopo la madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, na maombi hupitia eCitizen. Kadi hiyo ndiyo mlango wa misaada ya vifaa na karo inayotolewa na Baraza, na kungojea zamu ya jopo kunaweza kula wiki kadhaa.

SWALI: Nina mwanafunzi asiyeona katika darasa langu la takwimu. Namtumia notisi zote kwa PDF kama wenzake, na kompyuta yake ina programu ya kusoma skrini, lakini anasema hazisomeki. Kasoro iko wapi?
*Mhadhiri, Kisiwani*

JIBU: Mwalimu, karibu hakika PDF zako ni picha. Fungua moja ujaribu kuteua neno kwa kipanya. Likikataa kuteuliwa, basi ukurasa mzima ni picha, na programu yake husoma herufi. Mbele ya picha hunyamaza au hutamka "tupu".

Mtumie faili ya Word uliyoandikia notisi, kabla hujaigeuza PDF. Vichwa vya habari uviweke kwa mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya Word, maana mwanafunzi huruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa kitufe kimoja. Ukikuza herufi na kuzikoleza tu, macho yataona kichwa lakini programu itaona aya kama nyingine. Kama ni sura ya kitabu, iskaniwe upya kwa nukta 300 kwa inchi, ukurasa mmoja mmoja, umenyooka, kisha ipitishwe kwenye programu ya kutambua herufi. Mtu aisome yote baada ya hapo. Mashine hugeuza 1 kuwa l na 0 kuwa O, na katika somo la takwimu kosa hilo ni jibu zima.

Kama hana programu ya kulipia, NVDA haina malipo, hufanya kazi kwenye Windows na ina sauti ya Kiswahili pia. Fomula usizibandike kama picha. Ziandike kwa kihariri cha milinganyo cha Word, naye ahakikishe NVDA yake ina MathCAT (programu ndogo ya kusoma hesabu) ili zisomwe kwa mpangilio wake. Majedwali yawe majedwali ya kweli, yenye safu ya vichwa na bila seli zilizounganishwa. Grafu iandikie maelezo: mhimili gani unapima nini, kwa vipimo gani, inaanzia wapi, kilele kiko wapi. Zile grafu mbili tatu ambazo somo zima linazisimamia, zichore juu ya kadibodi, ubandike uzi wa katani kwa gundi kufuata mstari, ukauke, azipapase kwa vidole. Mkunjo wa mgawanyo wa kawaida ukipapaswa mara moja huelezeka kuliko kwa aya tatu.

Darasani, tamka unachokiandika. "Hii tukiitoa hapa tunapata hii" haimfikii hata kidogo. Sema "tukitoa wastani kwenye thamani, kisha tugawe kwa mkengeuko sanifu". Wanaoona nao watakuelewa vizuri zaidi.

Akiwa ni msomaji wa breli, kumbuka kwamba ukurasa mmoja wa maandishi ya kawaida hutoa kurasa mbili hadi tatu za breli, kwa hiyo mpelekee mchapaji wiki tatu kabla ya kipindi. Msiwe na hofu kuhusu hakimiliki: Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, mkataba unaofungua njia ya kutengeneza nakala za vitabu kwa ajili ya wasioweza kusoma maandishi ya kawaida. Zungumza na mkutubi wa chuo kuhusu utaratibu wake.

SWALI: Mimi napanga mitihani. Wanafunzi sita wana barua za muda wa ziada. Muhula uliopita ilikuwa vurugu: wengine walinyang'anywa karatasi kabla ya wakati wao, stima ikapotea, na karatasi ya breli ilikaa muda mrefu bila kusahihishwa. Tupange vipi?
*Mratibu wa mitihani, Mombasa*

JIBU: Hesabu kwanza saa, ndipo utafute vyumba. Kwa nyongeza ya robo, karatasi ya saa 2 huwa saa 2 na nusu, na ya saa 3 huwa saa 3 na dakika 45. Inayoanza saa mbili asubuhi basi inaisha saa sita kasorobo. Kwa wanaopewa nusu, karatasi hiyo hiyo inafika saa sita na nusu. Ikiwa ni Ijumaa, Waislamu wanatakiwa msikitini, na saa nane kuna karatasi nyingine. Hapo mwanafunzi hajala, hajapumzika, na muda uliomwongezea asubuhi umeuchukua mchana. Mwanafunzi wa namna hii asipewe karatasi mbili siku moja. Jambo hilo linawezekana tu likiingizwa kwenye rasimu ya ratiba, si wiki ya mtihani. Dakika za kwenda choo kwa mwenye kiti au za kudunga insulini hazitoki kwenye nyongeza hiyo. Simamisha saa, andika ilisimama lini na kuendelea lini.

Kunyang'anywa karatasi kuna sababu moja kubwa: msimamizi wa chumba hakuambiwa. Barua ipo ofisini, lakini aliyesimama mlangoni ni mwingine. Orodha yenye majina, muda wa kumaliza wa kila mmoja na chumba chake itiwe ndani ya bahasha ya karatasi za mtihani, pamoja na nambari ya simu ya mtu atakayepokea siku hiyo. Msimamizi hawezi kufungua bahasha bila kuiona.

Anayesomewa au kuandikiwa apewe chumba chake peke yake. Sauti mbili katika chumba kimoja huharibu karatasi mbili. Mwandishi asiwe rafiki wa mwanafunzi wala mtu anayesoma kozi ile ile. Aandike kama alivyoambiwa, asirekebishe, kisha asome kwa sauti alichoandika. Wafanye mazoezi pamoja angalau mara moja kabla ya siku yenyewe, maana kuamuru insha kwa mdomo ni ufundi, na mahali pa kujifunzia si chumba cha mtihani.

Kwa kompyuta: intaneti izimwe, NVDA iwekwe kwenye flashi (ina toleo linaloendeshwa bila kusakinishwa), visikizi vijaribiwe siku moja kabla, na faili ijihifadhi kila dakika 5. Tumia laptopu yenye betri iliyojaa, maana kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) stima ikipotea imezimika. Kuwe na laptopu ya pili imewashwa pembeni. Karatasi ya maswali nayo ifunguliwe na afisa aliyekula kiapo cha siri siku mbili kabla, aone kama ina picha au ramani isiyosomeka. Ikionekana asubuhi ya mtihani, hakuna wa kuitatua.

Breli yenu ilichelewa kwa kuwa mfasiri wake alitafutwa baada ya mtihani. Mwekeni mapema kwa tarehe na malipo yaliyokubaliwa, na mpeni siku tatu tangu karatasi kukusanywa.

SWALI: Mimi ni kiziwi, mwaka wa pili. Chuo kimenipa mkalimani mmoja wa lugha ya ishara. Kipindi cha saa tatu kikifika saa ya mwisho amechoka, nami nakosa mengi. Mhadhiri anasema nirekodi kwa simu.
*Mwanafunzi, Kisauni*

JIBU: Rekodi ya sauti haina faida kwako, mpelekee mhadhiri sentensi hiyo kwa maandishi, pengine hakufikiri. Uchovu wa mkalimani ni jambo la kawaida ya kazi, wala si uzembe wake. Baada ya dakika 20 hadi 30 za mfululizo ubora hushuka, ndiyo maana kipindi kirefu huhitaji wakalimani wawili wanaopokezana. Omba hilo kupitia kitengo cha ulemavu. Mpaka wa pili apatikane, omba mapumziko ya dakika 10 kila baada ya dakika 30, na mada nzito ifundishwe mwanzoni mwa kipindi.

Mkalimani apate slaidi siku tatu kabla, mkae pamoja mkubaliane ishara za istilahi mpya. Bila hivyo atalazimika kutaja kila neno herufi kwa herufi huku mhadhiri akiendelea mbele. Asimame karibu na mhadhiri, mwanga umpige usoni, asiwe na dirisha nyuma yake. Na omba mwandishi wa notisi, kwa sababu huwezi kutazama mikono na daftari kwa wakati mmoja. Katiba imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya katika kifungu cha 7, na kifungu cha 120 kimeifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Hii si fadhila unayoiomba.

SWALI: Msichana mmoja bwenini kwetu ana kifafa. Alipoanguka wenzake walimtia kijiko mdomoni, jino likavunjika. Sasa wanataka ahamishwe. Na Ramadhani inakaribia, mwenyewe anataka kufunga.
*Mlezi wa bweni, Changamwe*

JIBU: Asihamishwe, dada. Akikaa peke yake ndiyo hatari yenyewe. Mwombe achague wenzake wawili wa chumbani, kisha wafundishwe mbele yake.

Akianguka, mmoja atazame saa papo hapo. Viti na vitu vigumu visogezwe, nguo laini iwekwe chini ya kichwa, mtandio na vifungo vya shingoni vilegezwe. Mdomoni kisitiwe chochote, si kijiko, si maji, si dawa, na mikono isishikwe kwa nguvu. Ulimi haumezwi, kinachovunjika ni meno na vidole vya anayesaidia. Mtikisiko ukikoma, alazwe ubavu mate yatoke, na mtu akae naye mpaka ajitambue kabisa. Apelekwe hospitali mtikisiko ukipita dakika 5, ukirudi kabla hajazinduka, akiumia, au kama ilitokea ndani ya maji. Wakija watu kumsomea dua, wasome. Dua haizuii dawa, mradi asiachishwe vidonge.

Alale kitanda cha chini, bafuni asitie komeo (kibao cha "kuna mtu" kinatosha), na baharini asiogelee bila mtu wa kumtazama. Kuhusu saumu, vitu viwili huleta mtikisiko: dozi iliyorukwa na usingizi uliokatwa kwa ajili ya daku. Amwone daktari wake mwezi mmoja kabla, wala asibadilishe saa za dawa kwa kubuni. Wako ambao dozi zao hupangika kati ya futari na daku, na wako ambao haziwezekani. Kurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula, na kwa asiyeweza kufunga, mlezi amwekee chakula cha mchana pasipo maswali ya mtu.

SWALI: Mimi ni mshauri rika. Rafiki yangu ameniambia haoni haja ya kuendelea kuishi, akaniapisha nisimwambie mtu. Nifanye nini?
*Mwanafunzi, Kongowea*

JIBU: Kiapo hicho usikishike, mdogo wetu. Mwambie leo, kwa upole: "Nakujali, kwa hiyo hili siwezi kulibeba peke yangu."

Muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo; wengi hupumua wakiulizwa. Msikilize kabla ya kumshauri. Usimwambie wapo wenye shida kubwa kuliko zake, na usianze kumhubiria. Kisha uliza kama amefikiria namna na wakati, na kama ana kitu cha kujidhuru karibu. Akisema ndiyo, hiyo ni dharura: asiachwe peke yake hata kidogo, mwite mwenzako wa pili, dawa na vitu vya hatari viondolewe chumbani, mshauri nasaha wa zamu apigiwe, na mfikishe hospitali. Hospitali Kuu ya Pwani hupokea dharura, na ile ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo. Akisema hana mpango, bado aonane na mshauri siku hiyo hiyo, nawe umsindikize mpaka mlangoni. Kumpa nambari ya simu na kumwacha aende mwenyewe hakutoshi.

Wengi hunyamaza kwa kuogopa polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kinakiuka Katiba. Mwambie hilo, na mwambie mzazi wake.

Washauri nasaha wanaosoma hapa: kila siku wekeni angalau nafasi moja isiyoandikiwa mtu, kwa ajili ya kesi kama hii. Foleni ya wiki tatu haimfai. Na msiishie kwenye mazungumzo. Ulizeni deni la karo, kodi ya chumba, CAT alizokosa. Deni likipangiwa malipo na mitihani maalumu ikipewa tarehe, mzigo wenyewe hupungua. Akiahirisha masomo, apewe barua inayotaja muhula wa kurudi, na wiki ya kwanza ya kurudi kwake mtu aliyetajwa kwa jina aonane naye.

Wewe mwenyewe usiwe mlinzi wake wa usiku. Ukishamkabidhi, kazi yako imebaki kuwa rafiki. Mwombe msimamizi wako kikao cha kila wiki mbili cha kulizungumzia lililokupata wewe.

SWALI: Kifaa changu cha kusikia hukatika ovyo mchana, na ukumbini sisikii vizuri hata kikiwa kizima.
*Mwanafunzi, Bamburi*

JIBU: Jasho na unyevu huingia kwenye kimrija na kuziba sauti. Kila usiku toa betri, acha kifuniko wazi, weka kifaa ndani ya kikopo kinachofungika vizuri chenye silika jeli (vile vipakiti vya kufyonza unyevu). Usitumie mchele, vumbi lake huingia kwenye maikrofoni. Betri mpya, ukishaibandua stika, iache kama dakika mbili ivute hewa kabla ya kuitia. Ukumbini kaa mita 1 hadi 2 kutoka kwa mhadhiri, mbali na feni. Muungurumo wa feni hukuzwa pamoja na sauti ya mhadhiri. Omba kiti hicho kiandikwe kwenye karatasi yako ya mahitaji, ili usigombanie safu ya mbele kila asubuhi.